Niko Tayari, Mheshimiwa Spika

Wapendwa, hebu funikeni vitabu kidogo mnisikilize. Kulikuwa na waziri mmoja wa maji katika nchi moja. Kesho msinipigie simu kuniuliza nchi gani. Ni nchi yenye mawaziri na yenye watu wasio na maji, hiyo inawatosha.

Waziri huyu alikuwa mtu wa kujibu. Aah, yule baba alijua kujibu! Sauti nzito, miwani ya kusomea ameishusha mpaka puani, na suti ambayo hata ingetundikwa peke yake pale bungeni ingepigiwa makofi. Wabunge walimwogopa. Ukimuuliza swali, ulikaa chini unaona aibu kwamba uliuliza.

Siku hiyo alikuwa na swali namba arobaini na saba, la mbunge mmoja mama anayetoka kule mbali kwenye ukame. Swali lenyewe fupi: mradi wa maji wa kata yangu utakamilika lini? Basi. Asubuhi, kabla hajaingia ukumbini, ofisa wake akamkabidhi jibu limechapwa vizuri. Waziri akalisoma, akakunja uso.

"Hili si ndilo nililolisoma mwaka jana?"

"Ndilo, Mheshimiwa. Tumebadilisha mwaka tu."

"Linasema mradi umekamilika. Pampu imeshafungwa?"

"Pampu bado, Mheshimiwa. Pampu iko kwenye awamu nyingine. Lakini kwa awamu hii, mradi umekamilika."

"Kwa hiyo maji hayatoki."

"Maji hayatoki, Mheshimiwa. Ila miundombinu ipo."

Ndugu zangu, hapo ndipo waziri alipokuwa na nafasi yake. Kalamu anayo mkononi, angeukata ule mstari. Maana mwenyewe alizaliwa kijijini. Mama yake mzazi alibeba ndoo kichwani mpaka utosi ukaota upara, duara dogo pale katikati, nywele zikakataa kurudi hadi anazikwa. Kukosa maji alikujua vizuri sana. Lakini alijua pia kwamba akikiri leo, kesho watamuuliza na mengine, na sifa yake yote mjini ilikuwa kwamba hajawahi kubanwa. Akairudisha kalamu mfukoni. Mnamshangaa? Ngojeni kwanza.

Kikao kikaanza. Spika akatambulisha wageni kama ilivyo kawaida. "Tunao akina mama tisa, wageni wa Mheshimiwa Mbunge, wametoka jimboni kwake. Karibuni sana, simameni tuwaone." Kule juu kwenye jukwaa la wageni wakasimama akina mama tisa na vitenge vyao vya safari, wakapunga mikono, wakapigiwa makofi, wakakaa. Walikuwa wamesafiri siku mbili. Na mgeni wa bungeni, kama hamjui, haruhusiwi kusema neno hata moja. Kazi yake ni kutazama.

Zamu ya waziri ikafika. Akasimama, akakohoa kidogo, akasoma.

"Mheshimiwa Spika, naomba kujibu swali namba arobaini na saba la Mheshimiwa Mbunge, kama ifuatavyo. Mradi huo umekamilika kwa asilimia tisini na nane. Vituo kumi na viwili vya kuchotea maji vimejengwa, na wananchi wapatao elfu sita wananufaika."

Alipotamka lile neno wananufaika, mama mmoja kule juu akasimama. Akasimama wa pili. Mara wote tisa wako wima, kimya, wanamtazama. Askari wa Bunge akapanda ngazi mbiombio, akamwinamia yule aliyekuwa mzee kuliko wote.

"Mama, tafadhali kaeni. Kanuni haziruhusu."

"Zinakataza kusema, mwanangu, na mimi sijasema kitu," yule mama akamjibu kwa sauti ya chini. "Sisi foleni ya kisimani tunaisimama toka alfajiri mpaka jua linafika utosini. Hapa kuna kivuli, kuna na feni. Tuache tu, hatujachoka."

Askari akatazama lile bango la kanuni pale ukutani. Limekataza kusema, limekataza kupiga makofi, limekataza kupiga picha. Kusimama halikukutaja. Akabaki kusimama nao.

Yule mbunge akaomba swali la nyongeza. Ninyi mnaofuatilia Bunge mnalijua hilo. Swali la kwanza waziri analiona mapema, anaandikiwa jibu. La nyongeza linamkuta mikono mitupu.

"Mheshimiwa Spika, jibu hili mimi nimeshalikariri. Mwaka juzi alilisoma Naibu Waziri, mwaka jana akalisoma Waziri, leo amelirudia. Hata kukohoa amekohoa palepale! Kwa kuwa Mheshimiwa Waziri anaamini wananchi wangu wana maji, je, yuko tayari kuongozana na mimi leo hii, baada ya kikao, akafungue bomba moja tu, lolote atakalolichagua mwenyewe, tuone litatoa nini? Gari liko nje. Na wenyeji wake wale pale, wamesimama wanamsubiri."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waziri akainua macho kutazama kule juu. Yule mama mzee alikuwa ameteremsha kilemba chake mabegani, na pale utosini, katikati ya mvi, kulikuwa na duara dogo lisilo na nywele.

Waziri akaliona. Nawaambia aliliona! Akanyoosha mkono kwenye glasi iliyokuwa mbele yake, akanywa maji, maana bungeni maji yapo. Halafu akakaza shingo.

"Mheshimiwa Spika, Serikali hii haitishwi na watu kusimama! Takwimu ninazo, na msimamo wangu ni takwimu zangu. Maji yapo! Na kuhusu kuongozana, mimi siogopi jua wala vumbi. Niko tayari, Mheshimiwa Spika. Niko tayari hata leo! Ratiba itakaporuhusu."

Meza zikapigwa. Wengine wakasimama kabisa kumshangilia. Spika akatabasamu. "Mheshimiwa Mbunge, mambo si hayo? Waziri yuko tayari, mshukuru. Tuendelee, swali namba arobaini na nane."

Akina mama walikuwa bado wamesimama.

Naona mnasubiri niwaambie waziri alianguka pale, au alilia, au alijiuzulu. Hakulia. Alipongezwa kwenye korido, akala chakula chake cha mchana, akashiba. Na lile gari lililokuwa nje likaondoka na akina mama tisa, mbunge wao, na kiti kimoja kitupu.

Haya, nawasikia mnaguna. Yule dada pale nyuma amesema, "Mwongo mkubwa!" Sawa dada yangu, mwongo. Sasa geuzeni shingo, mtazame hapa madhabahuni.

Jumapili sita mfululizo, mimi mchungaji wenu nimesimama hapa na karatasi ya matangazo nikawasomea: "Tuendelee kumkumbuka Bibi Ndeonasia, ni mgonjwa, anaishi peke yake kule bondeni, kamati ya huduma inashughulikia." Na ninyi mkaitika Amina. Ile Amina yenu nzito, ya kupiga meza! Jumapili sita, tangazo lilelile, nimebadilisha tarehe tu. Juzi nikamuuliza mzee wa kanisa, kamati imeshafika kwa Bibi? Akaniambia, "Mchungaji, kamati imeundwa." Imeundwa! Miundombinu ipo!

Jana nikaenda mwenyewe. Nimemkuta Bibi Ndeonasia amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, miguu inatetemeka. Nikamwambia, Bibi, mbona hujalala? Akaniambia, "Mchungaji, majirani walisema kanisani mmetangaza mnakuja. Kila Jumapili nasimama hapa niwaone mkiteremka. Leo nikasema labda mmebadilisha siku."

Mtu akitaka kunikasirikia leo, anikasirikie, nimeanza na mimi mwenyewe. Lakini tusimcheke yule waziri. Sisi ndio tunaoimba kila wiki kwamba tuko tayari, halafu tunasubiri ratiba. Mbele za Mungu hatutaletewa swali mapema tuandikiwe jibu. Tutaulizwa lile la nyongeza: ulikwenda? Na huyo Mungu anayetuuliza anamjua kwa jina yule bibi wa mlangoni.

Leo tangazo la Bibi Ndeonasia halitasomwa. Nimelikata kwa kalamu. Basi dogo la kwaya liko nje, lina viti kumi na vinne, dereva ameshakaa, na ndoo na sabuni na unga vimo ndani. Linaondoka nikishatoa baraka. Sitaki Amina. Nasema tena, leo sitaki Amina ya mtu hapa. Anayekwenda asimame sasa hivi, na asikae mpaka tumefika, tumemkalisha yule bibi.