Ndovu Aliyetangaza Miaka Ishirini

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla mito haijaamua ipite wapi, palikuwa na nchi ya wanyama iliyotawaliwa na Jumbe Ndovu. Akitembea, ardhi inatetema ti! ti! ti! Lakini uzee ulikuwa umemwingia. Magego yake ya mwisho yalikuwa yamelika mpaka kwenye ufizi, na ndovu akimaliza hayo haoti mengine. Majani aliyatafuna akayatema. Mbavu zikaanza kuonekana. Alijua kinachomngoja, na alikuwa anaogopa.

Chini ya malisho yake aliishi Bi Fuko na wanawe themanini. Bi Fuko hakuwa na manyoya, macho yake yalikuwa kama hayapo, na urefu wake haukuzidi kiganja cha mkono. Ila alikuwa hazeeki. Panya aliocheza nao utotoni walikwisha kuzikwa, wao na wajukuu wao, naye angali anachimba na kunyonyesha. Tena alikuwa mtafiti. Miaka nenda miaka rudi alionja mizizi, akawapa panya waliokubali kujaribiwa, akaweka alama ukutani kwa kila alichokiona.

Siku moja asubuhi Jumbe akaja kusimama juu ya shimo lake. "Bi Fuko," akasema, "nipe hiyo dawa inayokuzuia usizeeke."

Bi Fuko akatoka nje, akamwambia ukweli wote. Kwamba dawa hana. Kwamba mwili wake umezaliwa hivyo, na yeye mwenyewe hajui sababu, ndiyo maana anachunguza. Kwamba upo mzizi uliompa panya mmoja msimu mzima wa ziada, na mwingine unaotuliza viungo, lakini wa kuurudisha ujana hajauona. Huenda vitukuu vyake wakaupata, huenda wasiupate. "Nasi pia tunakufa, Jumbe," akamaliza. "Mwaka huu nyoka amenilia watoto sita."

Jumbe hakutaka kusikia hayo. Alidhani ananyimwa. "Nakupa siku saba," akasema. "Ya nane nikiwa bado mzee, nitayakanyaga mashimo yako yote, na waliomo ndani." Akaondoka zake, ti! ti! ti!, na udongo ukawadondokea watoto usoni.

Bi Fuko akashuka chini. Akawapapasa wanawe mmoja mmoja gizani, wote themanini, na moyo wake ulikuwa mzito. Kuwahamisha wote kwa siku saba haiwezekani. Kupigana na ndovu ndiyo kabisa. Ukweli ameshausema, haukusikilizwa. Akakaa na akili yake peke yake hadi ikampa neno.

Kesho yake akaanza kazi. Alichimba viazi vitamu vya porini, akavitafuna kwa meno yake marefu hadi vikalainika, wanawe wakavikoroga na maji na ule mzizi wa kutuliza viungo. Ukawa uji. Jumbe akaunywa fufufu, bila kutafuna hata kidogo. Siku ya tatu mbavu zikaanza kufichika. Siku ya sita alikuwa anakimbia kwenye malisho na masikio yake yanapepea.

"Nimerudi ujanani!" akanguruma.

"Karibu unarudi," Bi Fuko akasema. "Limebaki jambo moja. Dawa hii haishiki mpaka mnywaji autangaze umri wake mpya mbele ya baraza, na baraza liuitikie."

Sasa wanangu, nchi ile ilikuwa na desturi ya marika. Kila mnyama alikaa na waliolingana naye umri, na kila rika lilikuwa na kazi yake. Mlinzi wa marika alikuwa Kifaru, mnyama asiyejua mzaha. Jumbe aliijua desturi hiyo kuliko wote. Lakini utamu wa uji ulikuwa umempanda kichwani.

Siku ya saba, jua la mchana likiwa utosini, alikaa barazani kwenye kigoda chake cha utawala, akapaza sauti: "Nina miaka ishirini!"

Kifaru akamtazama sana.

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema mwenyewe."

Baraza zima likaitikia, "Ishirini!"

"Baraza limeitikia," Kifaru akasema. "Basi inuka hapo kwenye kigoda, kijana. Rika lako linakaa kule nyuma, na kazi yake ni kuzibua visima. Na amri uliyotoa juu ya mashimo ya Bi Fuko imekwisha. Wa miaka ishirini haamuru."

Ndovu akafungua kinywa. Angekataa, angesema mbele ya wote kwamba ni mzee, na hilo hakuliweza. Akaenda nyuma. Bi Fuko, aliyekuwa amejificha kwenye nyasi, akashukuru, akashuka shimoni kuwaambia wanawe.

Ndovu alizibua visima mwezi mzima. Vijana walicheka mambo asiyoyaelewa, na hakuna aliyemuuliza habari za mvua za zamani. Mwisho akaja shimoni peke yake, akapiga magoti.

"Ule uji ulikuwa nini?"

"Viazi, Jumbe, na mzizi wa kukutuliza magoti."

"Kwa hiyo nitakufa."

"Utakufa," Bi Fuko akajibu, na kwa kweli alimhurumia. "Lakini si kwa njaa. Uji nitakupikia mpaka siku hiyo."

Ndovu akalia. Kisha akaenda barazani, akasema kwa kinywa chake kwamba ana miaka sitini na mitatu. Kigoda kilikuwa na mwingine tayari. Wazee wakasogeleana, wakampa nafasi ya kukaa.

Nanyi wanangu, shikeni hili: anayeukana umri wake amevikana na vyote umri huo ulivyompa.