Dawa ya Debe Tupu

Hapo zamani, wakati wafalme walipokuwa wakipenda mawaridi kuliko watu, nami sisemi kwamba wakati huo umepita, palikuwa na mji uitwao Mwambani, na katika mji huo palikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu. Sultani wa mji, jina lake Badi bin Shaha, akaona kwamba kisima kile ndicho kiwezacho kunywesha bustani yake ya mawaridi. Basi akakijengea ukuta, akatia mlango wa mbao za mvule, na mlangoni akaweka askari wawili. Watu wakaambiwa wakachote maji Mkwajuni, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na mchana mzima kurudi, nayo ni maji ya chumvi. Mawaridi yakastawi sana.

Watu wakanung'unika, na walipoona manung'uniko hayafiki jumbani, wakaazimu kuandika mabango. Wakanunua karatasi, wakaandika "Tunataka maji," wakasimama mbele ya jumba. Askari wakazichana. Wakanunua nguo ya bafta, wakaandika tena. Askari wakaitwaa wakafutia viatu. Ikawa kila wiki watu hununua na kila wiki askari hupasua. Na duka la karatasi na bafta mjini lilikuwa moja tu, la Waziri Makungu, mtu mwenye tumbo na huruma, ambaye wateja wakichelewa alikuwa akiwauliza kwa upole, "Je, jamaa, wiki hii hamlalamiki?"

Basi palikuwa na fukara mmoja, jina lake Kombo, kazi yake kuchoma chokaa. Watu walimhesabu kuwa mpumbavu, kwa sababu ukimwambia "Shika adabu yako," alikuwa akiuliza iko wapi apate kuishika. Siku moja alipita nyumbani kwa Bi Mwanashe, mkunga wa mji, akamkuta ameketi kizingitini analia.

"Una nini, mama?"

"Mwanangu Kombo, leo nimezalisha mtoto, nami nimemwosha kwa maji ya nazi. Miaka thelathini nafanya kazi hii, sijapata kuona aibu kama ya leo. Nataka nikamwambie Sultani, lakini karatasi sina, bafta sina."

"Karatasi ya nini? Ndani una nini?"

"Nyumba kavu ina nini, mwanangu? Lipo debe tupu."

"Na maji ya nazi yamebaki?"

"Yamebaki kidogo."

Kombo akafurahi kama aliyeambiwa pana pilau. Akatoa chokaa katika mkoba wake, akaikoroga kwa maji ya nazi ndani ya kifuu, akatafuna kijiti cha mswaki hata ncha ikawa nyuzi, kisha akaandika ubavuni mwa debe neno moja: MAJI.

"Debe lina mbavu nne," akasema. "Huu wa Sultani, huu wa Waziri, huu wa kadhi. Wa nne usiuandike, ni wa wasiojua kusoma. Ukitaka lionekane mbali, lifunike juu ya mchi wa kinu ulinyanyue. Askari wakija, literemshe. Wewe umebeba debe na mchi, vyombo vya jikoni. Ukitaka neno jingine, pangusa kwa kiganja uandike upya. Na wakijifanya hawaoni, ligonge."

"Na gharama yake?"

"Kuchoka mkono, mama."

Siku ya tatu hapakuwa na nyumba Mwambani isiyokuwa na debe lililoandikwa. Watu wakaenda jumbani, wakayanyanyua juu ya michi, wakayagonga kwa miko. Askari wakaja na amri yao mkononi, imekataza karatasi, nguo na ubao. Debe halikutajwa, kwani ni nani aliyewahi kuliogopa debe? Wakasimama wakitazamana. Waziri Makungu akakimbilia barazani, jasho linamtoka.

"Bwana wangu, huu sasa ni uasi! Watu hawanunui kitu tena!"

Sultani akacheka, akasema, "Waacheni. Debe tupu haliachi kuvuma."

Barazani wote wakacheka, kwa kuwa ndiyo kazi waliyowekewa. Lakini madebe hayakucheka. Yakavuma siku ile, yakavuma siku ya pili, yakavuma siku saba, hata usingizi wa mchana ukamhama Sultani. Siku ya nane akaamrisha Kombo aletwe.

"Wewe ndiwe uliyeyapa madebe ulimi," akasema Sultani. "Sasa sikiliza. Nataka ifikapo adhuhuri ya Ijumaa pasisikike debe hata moja katika mji huu, wala lisionekane neno hata moja lililoandikwa. Usilivunje debe, usilizike, usimnyang'anye mtu lake, wala usimkataze mtu kuligonga. Ukishindwa, utakaa gerezani hata nywele zako ziwe nyeupe kuliko chokaa yako."

Kombo akainama. "Bwana wangu mtukufu, mimi mjinga, elimu yangu ni hii ninayoiokota kinywani mwako. Nimesikia ulisema debe tupu haliachi kuvuma. Ni kweli?"

"Wamwuliza Sultani kama asema kweli?"

"La, bwana. Nataka kushika maneno yako yasianguke. Basi niandikie waraka, kwamba kila nitakachohitaji kuyanyamazisha madebe nipewe, na asinizuie mtu."

Sultani akaandika, akapiga muhuri, naye Waziri akashuhudia kwa furaha kubwa, kwani alikwisha kupiga hesabu ya bafta.

Ijumaa asubuhi Kombo akaenda kisimani, akawaonyesha askari muhuri, akasema, "Fungueni." Wakafungua. Watu wakapanga safu na madebe yao, Bi Mwanashe mbele. Habari zikamfikia Waziri, akaja mbio.

"Nusu debe!" akapiga kelele. "Kila mtu nusu debe, yatosha kunyamazisha!"

"Nawe hukusoma chuoni, bwana Waziri?" akauliza Kombo. "Debe shinda, lisilojaa, haliachi kutika. Waraka wataka kimya, haukutaja kutika." Na watu wakajaza hata ukingoni.

Ilipofika adhuhuri, mji ukawa kimya. Sultani akafungua dirisha asiamini masikio yake. Akawaona wanawake wakipita na madebe vichwani, maji yanachuruzika mbavuni, na chokaa inayeyuka na kuteremka hata mabegani, na yale maneno hayaonekani tena. Sultani akamhimidi Mungu, akamwita Kombo.

"Umefaulu, ewe mpumbavu! Dawa gani uliyotumia?"

"Ni yako, bwana. Ulisema debe tupu ndilo livumalo. Nimeliondolea utupu."

"Kwa nini?"

"Kwa maji."

Uso wa Sultani ukabadilika. "Kisima changu! Umefungua kisima changu! Kitafungwa sasa hivi, na wewe ndani yake!"

"Mlango ni wako, bwana, nami ni wako. Lakini hapo nitakuwa nimezuiwa, na muhuri utakuwa umesema uwongo. Tena jioni madebe yatakuwa matupu, na tabia ya debe tupu umetufundisha mwenyewe. Chokaa iko tele mjini. Maneno yamefutika, waandishi hawakufutika."

Sultani akataka kujibu. Wakati huo huo Bi Mwanashe alikuwa amekwisha kumwosha mtoto yule, safari hii kwa maji, naye anarudi kisimani. Alipopita chini ya dirisha, akaligonga debe lake mara moja. Ngo! Sultani akaruka kitini. Barazani hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuna aliyejua kama leo kuna ruhusa. Sultani akaona haya, akamtazama Kombo, akatazama mawaridi yake, kisha akacheka mwenyewe, tena sana, kwa sababu sultani aliyekosa la kusema hana pengine pa kukimbilia. Akaamrisha mlango ung'olewe, askari warudi kwao, na mawaridi yangoje mvua kama watu wengine.

"Omba utakalo," akamwambia Kombo.

"Nipe ule mlango, bwana."

Akapewa. Akampelekea seremala, ukafanywa kitanda cha wazazi nyumbani kwa Bi Mwanashe, na nusu ya watu wa Mwambani wamezaliwa juu yake. Waziri Makungu akaacha bafta, akaanza kuuza madebe. Na Sultani Badi, hata siku ya kufa kwake, kila aliposikia debe limegongana na ukuta njiani, alikuwa akitoa kichwa dirishani na kuuliza, "Limejaa?"

Hekaya yangu imefika ukingoni; nikiongeza itamwagika.