Jiwe la Dirishani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa jiwe.
— Likae wapi?
Likae lilipo, nasi tukae.

Hapo zamani za kale, nchi ya Ufaransa, palikuwa na kasri juu ya kilima cha Brimonti. Mabwana wake walikuwa watu wa vita. Akienda huyu, harudi. Akienda yule, harudi. Wake zao walibaki dirishani, kwenye kiti cha jiwe kilichojengwa ndani ya ukuta, wakiitazama njia. Aliketi bibi, akaketi binti, akaketi mjukuu, mpaka jiwe likabonyea katikati kwa kukaliwa. Jamani, kungoja si mchezo. Kunakula hata jiwe.

Wa mwisho kuketi pale alikuwa mama yake Avelina. Avelina alikuwa mtoto, akilaza kichwa magotini kwa mama na kuuliza kila siku wanamngoja nani. Kisha wakulima wakachoka kulimia tumbo la mtu mwingine, wakapanda kilima na mienge. Mama akamshika mtoto mkono, wakakimbilia ugenini, na huko huko mama akafa. Paa la kasri likaungua, mvua ikaingia, wanakijiji wakaanza kubeba mawe wakajengee nyumba zao. Wewe ungeyaacha? Hata mimi ningebeba.

Avelina akazeekea ugenini. Alikula, akalala, akacheka na watu, lakini moyo wake haukuwa pale. Kasri hakulitaka. Alitaka, kabla ya kufa kwake, naye aketi alipoketi mama. Basi akakodi mkokoteni wa ng'ombe, akarudi Brimonti kulichukua lile jiwe.

Kilimani akakuta majani na mbuzi. Akashuka kijijini kuuliza. Mwoka mikate akasema hajui kitu. Fundi viatu akasema hajui kitu. Perina, mjane aliyefua nguo za watu, akainamisha kichwa asiseme kitu. Na huku mawe ya kasri yanamtazama kutoka kila ukuta.

Avelina akacheka kimoyomoyo. Akasimama sokoni, akatangaza kwamba anataka jiwe moja tu, la kiti cha dirishani. Akilipata, mengine yote anawasamehe. Asipolipata, atayadai yote. Na alikuwa na haki gani ya kudai? Enzi ya mabwana ilikwisha; haki hana, hata ya kokoto. Lakini wao wangejuaje?

Kesho yake mawe yakajileta yenyewe. Mwoka mikate akaleta lake, akaapa ndilo. Avelina akafumba macho, akaketi. Tambarare kama meza. Akainuka. Fundi viatu akaleta lake, akaapa ndilo. Avelina akafumba macho, akaketi. Hili lilikuwa na bonde, ila kingo zake zilimkwaruza, na fundi mwenyewe alikuwa na vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Njia ya mwongo fupi. Watu wakamcheka, naye kwa aibu akamchongea mwenzake: jiwe lenyewe liko kwa Perina.

Avelina akaenda, mkokoteni na watu nyuma yake. Akamkuta Perina mlangoni pake, ameketi juu ya jiwe, anaitazama njia.

"Ndilo hili, bibi," Perina akasema, bila kuinuka. "Sikulileta kwa sababu siwezi kuliachia. Mwanangu alichukuliwa vitani. Aliniaga nikiwa nimeketi hapa, akaniambia, mama, nitakukuta hapo hapo."

"Tangu lini?"

"Zamani, bibi. Wenzake wamesharudi."

Avelina alilitazama lile bonde, na moyo ukalililia kama mtoto anayelilia titi. Umri wake wote alikuwa akilitamani, na sasa liko mbele yake, na mkokoteni upo. Kisha akamgeukia mwenye ng'ombe, akamwambia arudi zake.

"Nisogezee kidogo, dada," akasema.

Perina akasogea. Avelina akafumba macho, akaketi, na jiwe likampokea. Akalia pale pale mbele ya watu, na Perina akamwacha alie. Alipomaliza akajifuta macho kwa ushungi wake, akaitazama njia.

"Haya," akasema, "tunayemngoja anaitwa nani?"

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye nafasi amsogezee mwenzake.