Kopo la Vijembe

Hapo zamani, zama ambazo kila mtu alijua mkono ulioshona viatu vyake, palikuwa na mtaa wa washona makubazi. Mtaa mzima ulinuka ngozi. Kila nyumba ilikata ngozi kwa kijembe: kiwembe chembamba kisicho na mpini, kikali asubuhi, butu jioni. Kikishakuwa butu, kinatupwa. Wapi? Popote! Dirishani, uchochoroni, majivuni. Hata kuku wa mtaa ule walitembea wakichechemea.

Hodari wa kukata kuliko wote alikuwa Bi Mwantumu, mjane mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Hodari wa kukata, hodari wa kutupa.

Siku moja Jumbe, mkuu wa mji, alipita pale peku, kubazi lililokatika ugwe mkononi. Kufika chini ya dirisha la Bi Mwantumu, akaruka kama panzi.

"Nimeuawa!"

Bi Mwantumu akatoka mbio, akamkalisha kizingitini, akakichomoa kijembe. Akakitazama. Chake! Alikuwa amekitupa asubuhi ile ile. Akakificha katika pindo la kanga.

"Pole, baba," akasema. "Watu wa mtaa huu hawana adabu."

Jioni mbiu ikapigwa: atakayeviondoa vijembe visimkate mtu tena, Jumbe atampa mbuzi wake wa maziwa. Mbuzi yule alijaza kibuyu kila siku.

Watu wakamtamani mbuzi. Bi Mwantumu naye alimtamani, lakini tangu siku ile kijembe kile cha pindoni kilimsuta. Akatwaa kopo kubwa la samli, akagongomea kifuniko, akakitoboa tundu jembamba: kijembe kinapita, kidole hakipiti. Akaenda nyumba kwa nyumba.

"Hodi! Nipeni vijembe."

"Vya ngozi au vya mdomo?" wakamcheka.

"Vya mdomo bakini navyo. Mtakula nini msipokuwa navyo?"

Mwezi mzima aliinama vichochoroni, akafukua majivu, akaokota kimoja kimoja. Kopo likajaa. Sasa alipeleke wapi? Akilizika, mvua italifukua. Akilitupa mtoni, watoto wanaoga mle. Akalisukuma mvunguni, akaenda zake harusini.

Jirani yake Mwinjuma, mtu ambaye jua halikuwahi kumkuta kazini, alikuwa amelala mjane alipopita na hodi zake; alichosikia ni kopo tu, likilia chwacha, chwacha.

"Kibubu!" akajiambia. "Mjane ana fedha!"

Akaingia, akajitwika kopo, akaondoka nalo mchana kweupe huku akisalimia watu njiani. Zito hilo! Shingo ikamzama mabegani. Akapanda mlima, akashuka mlima, mpaka kwa Mzee Semboja, mhunzi.

"Nifungulie, mzee, tugawane."

Semboja akang'oa kifuniko. Mwinjuma akapeleka mkono, pa! Semboja akaupiga kofi kabla haujazama.

"Una wazimu? Tazama kwanza!"

Mwinjuma akatazama. Akakaa chini akalia kama mfiwa.

"Vimwage kichakani," akasema.

"Akanyage nani?" Semboja akavitia vyote tanurini. Siku tatu akavukuta, akafua, akavukuta, akafua. Katika maelfu ya vijembe, likatoka jembe moja. Akalitia mpini, akaenda kulimia muhogo wake.

Habari hazifungwi kamba. Jumbe akawaita wote watatu.

Bi Mwantumu akapiga magoti. "Baba, nianze na aibu yangu. Kijembe kilichokukata kilikuwa changu."

Jumbe akautazama mguu wake.

"Ndiyo maana nikainama mwezi mzima," akaendelea. "Nisingeviokota, vingekuwa njiani mpaka leo."

"Vingekuwa mvunguni mpaka leo!" akadakia Mwinjuma. "Mimi mwizi, sikatai. Lakini nani aliyevipandisha mlima? Mwenzangu alikuwa harusini anakula pilau!"

Semboja akacheka. "Mmoja kahamisha, mwingine kahamisha. Kijembe kikihama bado ni kijembe. Niliyevimaliza ni mimi."

"Na jembe umechukua wewe!" wakamrukia wote wawili.

"Jembe ni la mkaa wangu na jasho langu. Mbuzi ni ahadi ya Jumbe."

Jumbe akakuna kipara, akasema mbuzi hachinjwi wala hagawanywi. Bi Mwantumu akajiinamia, hajui kama anangoja mbuzi au bakora.

Haya basi, nyie mliotega masikio. Jumbe ameshika kamba, mbuzi analia. Huyu ndiye aliyemjeruhi, akatubu kwa mgongo wake. Huyu aliiba, na mzigo usingefika bila wizi wake. Huyu alivimaliza, na jembe analo. Je, kamba ile mngeitia mkononi mwa nani?