Jumbe Mwenye Kiu

Hapo zamani, huko mikarafuuni, alikuwapo mwanamke akiitwa Mize, na kupika hakujui. Sisemi alikosea chumvi siku mbili tatu. Wali wake paka aliunusa akaenda zake. Lakini kichwa alikuwa nacho, masha Allah. Ugomvi uliowashinda wazee yeye aliufumbua huku akisuka ukili. Tangu utoto alitaka jambo moja tu, akae barazani aamue kesi za watu.

Akaolewa na Faki. Huyu Faki alirithi ujumbe, yaani ukubwa wa kijiji, kwa baba yake, na masikini ya Mungu hakuutaka. Watu wakianza kugombana mbele yake, anaona kizunguzungu. Raha yake ilikuwa jikoni, lakini nani alishamwona jumbe akikuna nazi?

Sasa kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Kesi ikiisha, wagomvi wote wawili hula sinia moja nyumbani kwa jumbe, na wasipokula, hukumu haikushika. Kwa hiyo palitakiwa hukumu nzuri na wali mzuri, siku ileile. Mize na mumewe wakapanga mambo yao. Watu wakishasema, Faki huomba ruhusa akanywe maji. Akiingia ndani, Mize, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, humnong'oneza hukumu; naye Faki hugeuza wali aliouteleka mwenyewe, haraka haraka, akatoka. Kesi ikiwa ngumu, alikwenda kunywa maji tena na tena mpaka watu wakatazamana. Kijiji kizima kikamwonea huruma kwa maradhi yake ya kiu, kikamsifu kwa haki yake. Mize akasifiwa kwa pilau, na kila aliposifiwa, roho ilimuuma.

Sifa zikamfikia Liwali, mkubwa wa mji. Akaja, akasikiliza kesi, akala, akalamba vidole. Akasema atawachukua wote wawili mjini, Faki awe mwamuzi barazani kwake, na Mize awe mpishi jikoni kwake.

Mize akamtazama mumewe, mumewe akatazama chini. Baraza la Liwali liko mwanzo wa mji, na jiko liko mwisho wa mji. Huko watanong'onezana vipi? Wataumbuka mchana kweupe. Basi Mize akasema yote, mpaka habari ya maji.

Liwali akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Alipojifuta machozi akasema ujumbe wa nyuma ya pazia umekwisha leo, atamweka jumbe mwingine. Mjini atamchukua mmoja tu, kwa kazi yake ya kweli na kwa jina lake. Wawili hawachukui tena: mke barazani na mume jikoni, watu watasema amelishwa dawa. Yule mwingine atamfuata awe mume wa mwamuzi basi, au mke wa mpishi basi, akae nyumbani. Wachague wenyewe.

"Kila hukumu iliyosifiwa kijijini humu ni yangu," Mize akamwambia mumewe. "Wewe umepata sifa ya kuamua, na raha ya kupika umeipata vilevile. Mimi nimepata nini, ila kusifiwa pilau nisiyojua hata inaanzia wapi?"

Faki, ambaye hakuwahi kumjibu mtu bila kwenda kunywa maji, siku hiyo alijibu papo hapo.

"Nimekaa miaka yote kwenye kiti kinachonitia kizunguzungu, mke wangu, ili wewe usikike. Ningeukataa ujumbe, ungemnong'oneza nani? Nami sijaomba kitu ila sufuria yangu. Na leo siri yetu umeitoa mbele ya Liwali bila kuniuliza. Hata hilo umeamua peke yako."

Mize akayapima maneno yale. Kweli, hakumuuliza. Lakini angemuuliza, si Faki angemwambia aamue yeye, kama siku zote? Akalitazama jambo upande huu, akaligeuza upande wa pili. Kesi zote za kijiji alizimaliza, hii yake ikamshinda.

Haya, nyinyi mnaocheka, iamueni. Je, nani alistahili kwenda mjini kwa jina lake, na nani afunge mizigo amfuate mwenziwe?