Kitanda cha Tatu

Shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa na chumba cha wagonjwa chenye vitanda sita na nesi mmoja. Shule yenyewe ipo juu milimani, kwenye baridi inayowafanya watoto wavae soksi mbili mbili kuanzia mwezi wa tano. Nesi mmoja kwa wasichana mia nne ni mzigo, kwa hiyo mkuu wa shule alichagua wanafunzi sita wa kujitolea wamsaidie, akawaita Chama cha Huduma.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri, na sina sababu ya kusema vinginevyo. Wasichana wa chama walichemsha maji, walipeleka uji, walifua mashuka yaliyotapikiwa bila kukunja uso. Mtoto akiwa na homa, mmoja wao alikaa naye mpaka apate usingizi. Chumba kilinuka dawa na jasho, vitanda vilikuwa vimevurugika kila saa, na wagonjwa walipona.

Siku moja akaja mgeni kutoka wilayani. Alichungulia mlangoni, hakuingia, akasema chumba ni kizuri, ila vitanda vikinyooshwa kidogo vitapendeza zaidi. Alisema hivyo kwa sababu mgeni lazima aseme kitu. Alipanda gari lake akasahau. Mkuu wa shule hakusahau.

Akaanzisha kundi la heshima. Kila msichana wa chama alipewa kitanda chake cha kutunza. Kila Ijumaa asubuhi vitanda vilikaguliwa, na yule ambaye shuka lake halikuwa na mkunjo hata mmoja alivaa utepe wa kijani begani wiki nzima. Wenye utepe walikaa safu ya mbele ukumbini. Majina yao yalisomwa siku ya wazazi. Aliyeuvaa mihula miwili mfululizo bila kuupoteza aliandikiwa barua ya sifa ya kwenda nayo chuoni. Sisi wazazi tulipiga makofi. Nasema sisi kwa sababu na mimi nilikuwepo, na nilipiga kwa nguvu.

Hapo ndipo mgonjwa alipoanza kuwa tatizo. Mgonjwa hulala, akilala hujigeuza, akijigeuza shuka hukunjamana. Kwanza wagonjwa waliombwa walale juu ya blanketi bila kujifunika. Halafu wakaombwa, kuanzia Jumatano hadi Ijumaa, wakae kwenye benchi la barazani. Halafu watu wakalizoea benchi, likawa la siku zote. Hakuna mtu aliyetoa amri hiyo. Tafuteni kwenye mafaili yote ya shule, hamtaiona. Nesi alilalamika ofisini mara mbili, akaambiwa asiwavunje watoto moyo. Wanafunzi nao si wajinga. Aliyeumwa kichwa alikunywa maji akainamia dawati lake, aliyeumwa tumbo alilibana tumbo lake. Idadi ya wagonjwa ikapungua, na mkuu wa shule akatusomea taarifa hiyo mkutanoni kwa furaha kubwa.

Kitanda cha tatu kilikuwa cha msichana wa kidato cha nne aliyeitwa Gwantwa. Hakuwa mtoto mbaya. Msimtafutie ubaya, maana mkiupata mtarudi nyumbani mkiwa na amani, na mimi sikuja hapa kuwapa amani. Alikuwa ameuvaa utepe tangu mwanzo wa mwaka na alibakiza ukaguzi mmoja tu, ule wa Ijumaa ya siku ya wazazi, aipate barua yake. Alitaka kusomea uuguzi.

Alhamisi, siku moja kabla ya ukaguzi huo, saa nne asubuhi, nesi alikuwa ameshuka mjini kuchukua dawa, na Gwantwa ndiye aliyekuwa zamu. Ukungu ulikuwa umeziba hata mlingoti wa bendera. Akaja mtoto wa kidato cha kwanza, Atuganile, akitembea kwa kushika ukuta. Mtoto huyu ana ugonjwa wa seli mundu. Baridi ikizidi, mifupa humuuma mpaka hawezi kusimama, na shule nzima ilijua hivyo. Gwantwa alimpokea vizuri sana. Alimketisha kwenye benchi, akavua sweta lake akamvika, akamletea maji ya moto kwenye kikombe, akamwambia nesi anarudi sasa hivi. Alimfanyia kila jambo jema isipokuwa moja. Mlango ulikuwa wazi nyuma yao, na ndani mlikuwa na vitanda sita vilivyotandikwa, havina mtu.

Nesi hakurudi sasa hivi. Saa nne ikawa saa tano, ikawa saa sita. Mtoto alikuwa akilia, kisha akanyamaza, na huko kunyamaza kukawa kubaya kuliko kilio. Midomo ilimkauka. Akawa anavuta pumzi fupi fupi huku ameshika kifua. Gwantwa alisimama mlangoni, akimtazama mtoto, akikitazama kitanda. Sitawadanganya kwamba aliamua haraka. Alisimama pale muda mrefu, na yeye mwenyewe amekiri hivyo. Mwishowe akaingia, akalifunua shuka, akatoka kumchukua mtoto akalale.

Atuganile alikataa.

"Samahani, dada, mimi nitakaa tu hapa hapa," alisema. "Kesho kuna wageni, nisije nikakuharibia kitanda."

Gwantwa akamvuta mkono, na mtoto akaung'ang'ania ubao wa benchi kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Hakuwa mkaidi. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na adabu hiyo alikuwa ameipata kwetu. Gwantwa akamwachia. Akarudi ndani, akapanda kitandani na viatu vyake vya tope, akajigaragaza huku na huku kama punda vumbini, mpaka shuka likachomoka kwenye godoro na mto ukaanguka sakafuni. Kisha akasimama mlangoni, nywele zimemtimka, analia.

"Tazama, kimeshaharibika," alisema. "Njoo ulale."

Mtoto alikubali kubebwa. Blanketi moja halikutosha, kwa hiyo Gwantwa akachukua la kitanda cha pili, na la kitanda cha nne, hadi vyote vikabaki vitupu. Akapiga kelele dirishani mpaka akaja mwalimu, na mwalimu akatafuta gari. Nesi aliporudi saa nane alilikuta gari likiwa tayari, akapanda humo humo na mgonjwa. Daktari wa hospitali aliyempokea alisema kifua kilikuwa kimeanza kuharibika, na kwamba kama mtoto angekaa kwenye ile baridi mpaka jioni, yeye asingekuwa na la kufanya. Atuganile alilazwa siku tisa. Yu hai.

Ijumaa wageni walifika. Wale wasichana watano walikuwa wamekesha na pasi ya mkaa, na vitanda vyao vilinyooka. Cha tatu kilibaki kama mgonjwa alivyokiacha, kwa sababu Gwantwa alikuwa hospitalini mpaka asubuhi, ameshika mkono wa mtoto, na alirudi shuleni wakati ukaguzi umeshaanza. Tuliingia chumbani kwa mstari, wazazi na mgeni rasmi, mkuu wa shule mbele. Alipofika kwenye kile kitanda, akaliona lile shuka lenye tope, aliona aibu mbele ya mgeni. Akauliza kwa sauti ni nani aliyekiharibu kitanda. Gwantwa akajibu kwamba ni yeye. Jina lake halikusomwa ukumbini, na ile barua haikuandikwa. Tulipiga makofi kwa wale watano. Mikono yangu mimi ilibaki mapajani, lakini msinisifu, kwa sababu mdomo wangu nao ulibaki umefungwa.

Mkuu wa shule aliuliza swali lake, akajibiwa pale pale. Na mimi ninalo langu, wazazi wenzangu na ninyi walimu, na tangu siku ile sijapata wa kunijibu: ni nani kati yetu aliyemfundisha mtoto aliyekuwa akifa aombe samahani kwa kuumwa?