Cheo Walichompa Bi Pimbi

Msimulizi yupo!
Nasi tupo!
Masikio yapo?
Yapo wazi!

Basi, bondeni kulikuwa na shule mbili, zote chini ya Kiboko, mkuu wa elimu. Watoto wa wanyama wakubwa walisoma kando ya mto, kivulini. Watoto wa wadogo walisoma kilimani, juani, bila tone la maji. Wakishikwa na kiu walishuka mtoni wenyewe, na Mamba alikuwa akiwangoja. Chubwi! Mtoto harudi.

Wazazi walipolalamika, Kiboko alimteua Bi Swala kuwa Afisa wa Usawa. Alimpa kiti, akampa cheo, msaada hakumpa. Bi Swala akaomba watoto wa kilimani wahamishiwe mtoni. Kiboko akamwambia akakubaliane na Mamba kwanza. Wenzake ofisini wakampongeza kwa ujasiri wake; hakuna aliyemsindikiza. Akaenda peke yake. Chubwi! Hakurudi.

Kiboko akamteua Bi Pimbi, mdogo kuliko wote. Wenzake wakaja tena na pongezi. Bi Pimbi hakuzipokea.

"Pongezi hata Bi Swala alizipata," akasema. "Mimi nataka msimame nami. Siku nitakayowaita, njooni wote na maji, na asiwepo wa kufanya lolote mpaka niseme."

Wakainamisha vichwa kwa aibu, wakakubali.

Bi Pimbi akaenda kwa Kiboko, akamweleza kwamba shule ya kilimani ina shamba la matikiti ya mvua, yaliyoiva juzi tu, na wazazi wanataka mkuu wao ayaonje kabla ya wengine. Kiboko hakuuliza la pili. Alfajiri akapanda kilima, pu! pu! pu! Akala tikiti, kwacha! Akala jingine, kwacha! Akala mpaka shamba likabaki majani matupu na tumbo likagusa chini. Akalala.

Jua likapanda. Kiboko akaamka ngozi inapasuka, pa! pa! Akajaribu kuinuka, miguu ikamkatalia. Wanyama wa ofisini, walioitwa na Bi Pimbi, walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na kibuyu chake cha maji.

Akamwamuru Punda ammwagie maji. Punda akamtazama Bi Pimbi. Akamwamuru Nyani. Nyani naye akamtazama Bi Pimbi.

"Bi Pimbi, nakufa," Kiboko akasema.

"Hapa ndipo watoto wanaposoma, Mheshimiwa. Kila siku."

Kiboko akalia. Mbele ya wote akaapa kwamba watoto wote watasoma mtoni, yeye mwenyewe atalala kati yao na Mamba, na Afisa wa Usawa hatatumwa tena popote peke yake. Ndipo Bi Pimbi akaitikia kwa kichwa, na vibuyu vikamiminwa, mwaaa!

Siku ya kuhamia mtoni, watoto wa kilimani waliitwa majina. Majina mengi hayakuitikiwa. Mama zao walikuwepo, wakasikiliza mpaka la mwisho.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyesinzia amwulize jirani yake. Na funzo lake ni hili: wakubwa hutenda haki kwa hiari yao, hawana haja ya kusukumwa. Hivyo ndivyo Kiboko alivyoagiza tuwafundishe.